Nchi ya Mkono wa Kushoto

Ghala lile lilinuka mavi ya panya na magunia yaliyolowa, na kila Jumamosi tulisukumana mlangoni kana kwamba ndani kulikuwa na harusi. Hadi leo nikipita mahali palipolazwa ngano ya mwaka jana, nainua mkono nizibe pua, na kabla sijaiziba vizuri nasikia raha fulani ya kipumbavu, raha ya mtu anayengoja picha ianze. Naichukia raha hiyo. Nimejaribu kuifukuza, lakini nimezeeka nayo.

Tuliishi kwenye shamba la mzungu upande wa Njoro, miaka ile ya hamsini, wakati wa hali ya hatari. Baba yangu aliendesha trekta. Mama alichuma maua ya pareto yaliyouzwa kutengenezea dawa ya wadudu, na mimi nikitoka shule ya shambani nilimfuata nikachuma naye. Nyumba za wafanyakazi zilipangwa kwa mistari chini ya kilima, ndiyo maana tuliziita laini, na kila laini ilikuwa na choo kimoja ambacho sitakieleza hapa, maana huenda kuna watu watakaosoma haya wakiwa wametoka kula. Mzungu mwenyewe aliishi juu, kwenye nyumba ya mawe, pamoja na mkewe tuliyemwita memsaab, na mbwa waliokula nyama kila siku, nyama ambayo sisi tuliiona Krismasi.

Mzungu huyo alikuwa na ugonjwa wa sinema. Kila Jumamosi asubuhi alishuka Nakuru kununua vitu vyake, akarudi na mikebe bapa ya bati yenye mikanda ya picha, sijui alikuwa akiikodi wapi. Zilikuwa picha za vipande: hadithi moja ndefu ya miezi na miezi, shujaa mmoja, adui mmoja aliyefunika uso, na kila Jumamosi kipande kimoja tu. Kwa sababu ya kafyu hakuna aliyeruhusiwa kutembea giza likiingia, kwa hiyo picha zilionyeshwa alasiri, baada ya watu kugawiwa posho. Madirisha ya ghala yalizibwa kwa magunia, jenereta ikawashwa nje, tukawa na usiku wetu wa kuazima huku jua likiwaka juu ya mabati.

Sasa sikiliza tulivyokaa. Katikati ya ghala ilitundikwa shuka kubwa nyeupe iliyotoka kitandani kwa memsaab. Upande wenye mashine ya picha waliketi mzungu, memsaab na majirani zao waliokuja hata kutoka Subukia, kwenye viti, bunduki zikiwa mapajani kwa sababu ya nyakati. Sisi tuliwekwa upande wa pili, nyuma ya shuka. Hatukuiona mashine wala hatukuwaona wao, tuliona picha ikipenya kwenye nguo. Ili ipenye vizuri, mpishi wa mzungu aliirushia shuka maji kabla ya kuanza, kwa hiyo waliokaa karibu nayo walidondokewa muda wote. Wazee walinusa ugoro na kutema mate kando ya miguu yao. Watoto walijikojolea kwa woga, na hakuna mzazi aliyewatoa nje kwa sababu akitoka angepoteza nafasi. Mimi nilikuwa na umri wa kutosha kuona kinyaa kwa hayo yote, na sikuwa na akili ya kutosha kubaki nyumbani.

Picha zenyewe, nisikudanganye, zilikuwa za ovyo. Shujaa tulimwita steringi. Alivaa koti la ngozi, nywele zake zilipakwa mafuta, naye aliweza kutumbukia mtoni, akaburutwa na farasi kwenye vumbi, akatoka kwenye nyumba iliyowaka moto, na nywele zile zisihame hata kidogo. Mama yangu akirudi kutoka pareto alikuwa na matope hadi magotini na jasho lililokauka likawa chumvi shingoni. Yule wa kwenye shuka alipigana na kundi zima la watu akamaliza anatabasamu, meno yote mahali pake. Nilimwangalia nikiona hasira, kisha nikazidi kumwangalia.

Lililonichefua kuliko yote ni uongo wa mwisho wa kipande. Jumamosi hii tunaiona ndege yake, kwa macho yetu haya, ikigonga mlima na kuwaka. Jenereta inazimwa, tunarudi nyumbani kama watu waliotoka matangani, na wiki nzima kwenye pareto hakuna mazungumzo mengine: amekufa, hajakufa. Jumamosi inayofuata wanaanza pale pale, ndege inaelekea mlimani, na sasa tunaonyeshwa kwamba aliruka kabla haijagonga. Hakuruka! Sote tulikuwepo. Siku moja nilipiga kelele ghalani, "Hakuruka huyo! Wanatuibia!" na watu wakanizomea ninyamaze. Walikuwa wakipiga makofi. Walifurahi kudanganywa, na mimi, huku nikisonya, nilikuwa nimeshasogea mbele ili nione atatokaje msituni.

Msitu ule umenikaa kooni tangu nilipopata akili. Mle walikuwamo watu weusi, au watu waliopakwa weusi, waliovaa majani na kurukaruka wakizunguka chungu, na steringi akawatawanya kwa kuwasha kiberiti tu. Ghala zima lilicheka. "Washenzi hao," alisema mzee aliyekaa karibu nami, ambaye wiki hiyo hiyo mwanawe alikuwa amepakiwa kwenye lori na askari, isijulikane amepelekwa wapi. Alisema hivyo akijipangusa machozi ya kicheko. Nami nilicheka, na nikikumbuka kicheko hicho natamani kunawa mdomo.

Hayo yote ningeyaacha yajifie yenyewe. Ninaandika kwa sababu ya mkono wangu.

Nilizaliwa nikitumia mkono wa kushoto. Kwetu, na kwa kila kabila lililokuwa pale shambani, mkono wa kushoto ni wa kujisafishia chooni na kupenga kamasi. Husalimii kwa huo, hupokei kwa huo, na ukimpa mtu mzima chakula kwa huo umemtukana. Mama alinihurumia na kunionea kinyaa, yote mawili kwa pamoja, lakini kinyaa ndicho kilichoonekana usoni. "Nani ataoa mtu wa kumpakulia kwa mkono wa chooni?" aliniuliza kila mara. Wakati wa kula na wakati wa shule aliufunga mkono wangu kiunoni kwa kitambaa cha merikani, chini ya gauni, nikabaki na mmoja. Shuleni mwalimu alihakikisha fundo halijalegea. Likilegea alinichapa vidole vya kushoto kwa ukingo wa rula, pale kwenye vifundo, akisema anamtoa shetani. Maandishi yangu ya kulia kwenye sleti yalikuwa kama kuku amepita juu yake. Nikawekwa nyuma kabisa pamoja na wale walioshindwa kusoma, ingawa nilisoma kuwapita waliokaa mbele.

Kwenye pareto, hata hivyo, kitambaa kilifunguliwa. Maua yalipimwa kwa uzito, na mikono miwili hujaza kikapu upesi. Nyapara hakuuliza ninatumia mkono upi, wala Mama hakuuliza, na kasi ya kushoto kwangu ilisifiwa laini nzima. Jua likitua, mkono ule ule ulirudi kuwa wa chooni. Jambo hilo lilinitia kichefuchefu tangu utotoni, ila sikujua ningelisemaje na kwa nani.

Basi kikaja kipande ambacho steringi alifika nyumbani kwa mzee mmoja mwenye ndevu na kukaribishwa mezani. Kabla ya hapo tulikuwa tumemwona akipiga watu ngumi na bastola, lakini mambo yalikwenda mbio, nani angeangalia ni mkono gani? Siku hiyo alitulia. Mzee akampa mkono wa kushoto kumsalimu, naye akaupokea kwa kushoto. Akashika kijiko kwa kushoto, akala. Mzee akammiminia kahawa kwa kushoto. Kando yangu nikamsikia Mama akitema mate.

"Aai! Hata chakula?" akasema. "Hawa watu hawana mama?"

Tukamgeukia mwalimu. Ni yule yule wa rula. Jumamosi alikaa nasi nyuma ya shuka, kwenye gunia lake mwenyewe lililokung'utwa vumbi, akitutafsiria anachosema steringi, na sasa najua kwamba nusu alikuwa akibuni. Hata maandishi yaliyotokea mwanzoni mwa picha hayakusomeka kwake, maana kutoka nyuma yalikuwa yamegeuka. Badala ya kusema yamemshinda, alituambia hizo ni herufi za Kimarekani ambazo sisi hatujafikia. Swali la mikono nalo likamkuta na heshima ya kulinda. Akakohoa.

"Marekani si Uingereza," akasema. "Kule watu wote wanatumia kushoto. Ndiyo vile Mungu aliwaumba."

Watu wakaguna, na hakuna aliyebisha. Tungebisha nini? Kila mtu kwenye shuka alitumia kushoto, mwema na mbaya, wake kwa waume, hadi adui mwenyewe aliyefunika uso. Mzungu wetu alitumia kulia, lakini yeye alikuwa Mwingereza. Mpishi pekee ndiye aliyewahi kusimama upande wa pili picha ikionyeshwa, naye alizipa picha mgongo akamimina chai, kwani alikuwa mtu wa kanisa na aliziona dhambi. Nami nilikaa pale kwenye gunia langu, maji yakinidondokea kichwani, nikijua sasa kwamba iko nchi nzima ya watu kama mimi, nchi ambayo mama hamfungi mtu kitambaa.

Baba ndiye aliyesimama. Trekta aliyoendesha ilitengenezwa Marekani, jina la nchi lilichongwa kwenye chuma chake, naye aliiheshimu kuliko alivyomheshimu nyapara.

"Mwalimu," akaita, kwa sauti ya kusikika na wote. "Sasa huyu steringi, akikuja shule yako, utamchapa vidole?"

Ghala likalipuka kwa kicheko. Mwalimu akasema hayo ni mambo mengine.

"Mambo mengine gani? Watu wanatengeneza trekta na ndege na mkono hiyo. Wangu pia mwache aandike nayo. Kuanzia Jumatatu usimguse."

Kutoka upande wa viti mzungu mmoja akatufokea tunyamaze. Baba akaketi. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda baba yangu pale, akiwa amekaa juu ya gunia, akijifanya anatazama picha na huku anatabasamu pembeni.

Jioni hiyo alimwambia Mama aweke kitambaa kando. Mama alikiweka, midomo ameibana, na kwa muda mrefu alikula akiwa amegeuza uso ili asinione. Sikujali. Jumatatu nilishika kalamu ya sleti kwa mkono wangu na herufi zikasimama wima, zimenyooka, moja baada ya nyingine, kana kwamba zilikuwa zikingoja mle mkononi siku zote. Mwalimu alizitazama, akasonya, akanihamisha mbele. Nilikuwa darasa la nne. Mwisho wa mwaka ulikuwa na mtihani uliowachuja watu: aliyepita aliendelea na shule Nakuru mjini, aliyeshindwa alikuwa amemaliza masomo. Baba alishaanza kupanga. Alikwenda Bondeni, mtaa wa Nakuru, kwa dada yake, shangazi yangu aliyeuza mboga pale, wakakubaliana nitalala kwake nikipita. Na kwamba nitapita hakuna aliyekuwa na shaka tena, hata mwalimu.

Wakati huohuo shamba zima likapatwa na wazimu. Vijana wa laini walianza kusalimiana kwa kushoto ili waonekane wa Marekani. Kijana mmoja alijifunza kupasua kuni kwa kushoto akavunja chungu cha mama yake kilichokuwa mbali kabisa na kuni. Wazee waliona kinyaa, lakini walipolalamika waliambiwa wao hawajui dunia. Mimi, niliyezaliwa hivyo, nikawa mtu wa kuulizwa: mwiko unashikwaje, jembe linashikwaje. Steringi nikamsamehe nywele zake na meno yake. Nikamsamehe hata kuruka kutoka kwenye ndege. Na siku moja Mama, akiwa amejaa kazi, moshi machoni, alininyooshea mwiko moja kwa moja kwenye mkono wa kushoto, bila kufikiri, akaendelea na mambo yake.

Kipande cha mwisho kilifika baada ya mavuno, mtihani ukiwa karibu. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, majirani wa mzungu hawakuja, na memsaab alikuwa na homa. Mzungu akajikuta peke yake na viti vitupu. Ngano ilikuwa imetoka vizuri mwaka huo, akapata moyo wa kutoa. Akaja mlangoni tulipojipanga, akasema kwa Kiswahili chake kile:

"Leo nyinyi yote kuja mbele. Leo nyinyi taona picha kama bwana."

Ungewaona! Watu walirudi laini mbio kubadilisha nguo. Mama alifunga leso yake ya kanisani, Baba akavaa koti. Viti hatukupewa, tuliketi sakafuni mbele ya viti, lakini tulikuwa mbele, na upande ule sakafu ilikuwa imefagiwa. Niliona aibu kwa jinsi tulivyofurahi. Mwanga ukapiga shuka, maandishi yakatokea, na mwalimu akaanza kuyasoma kwa sauti, neno kwa neno, uso umemchangamka, amesahau kabisa kwamba hizo zilikuwa herufi tusizozifikia. Kisha steringi akatokea juu ya farasi na kuchomoa bastola.

Aliichomoa kwa kulia.

"Amebadilisha mkono," mtu akasema nyuma yangu.

"Ameumia, maskini," mama mmoja akasema kwa huruma ya kweli. "Si ni ule wa kushoto alianguka nao kwa daraja juzi?"

Tukangoja. Akaja rafiki yake, wakasalimiana kwa kulia. Adui akachomoa kisu kwa kulia. Msichana akafunga mlango kwa kulia. Minong'ono ikawa maneno, maneno yakawa kelele, hadi mzungu akasimamisha mashine na kuuliza kuna nini. Mwalimu akasimama. Akamweleza kwa Kiingereza kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nasi tusikie, kwamba watu hawa hawajasoma, walikuwa wakitazama picha kutoka nyuma, ambako kulia hugeuka kushoto, wakadhani Wamarekani wote ni wa mkono wa kushoto. Watu hawa, alisema. Yeye ndiye aliyetuambia! Nilimtazama viatu vyake vilivyopakwa rangi nikatamani kuvitapikia.

Mzungu alicheka hadi akashika kiti. Alijifuta macho, akatutazama, akaanza kucheka upya. Mwalimu akaona amepata nafasi, akaongeza huku akimnyooshea Baba kidole: "Na huyu wa trekta, bwana, alinikataza kumrekebisha msichana wake. Alisema atakuwa kama Mmarekani."

"Wewe?" mzungu akamwambia Baba. "Wewe naendesha trekta yangu, na wewe nafikiri namna hii? Labda mimi tapa wewe ng'ombe tu, naendesha hiyo."

Ndipo laini nzima ikacheka. Watu walioamini kama Baba, watoto wao wakavunja vyungu wakijifunza kushoto, walicheka pamoja na mzungu, kwa nguvu, kila mmoja akihakikisha anaonekana akicheka ili asiwe ndiye anayechekwa. Nimeona vitu vingi vichafu katika maisha yangu. Sijaona kilichonichukiza kama midomo ile iliyofunguka. Baba alikaa na koti lake, mikono juu ya magoti, akiangalia sakafu.

Mashine ikaendelea. Sikuweza kukaa. Niliinuka, nikapita pembeni ya shuka nikaenda nyuma, mahali petu. Hapakuwa na mtu, palikuwa na magunia tu na uchafu wetu wa wiki zote. Na pale steringi alikuwa bado wa kushoto. Alimwangusha adui kwa kushoto, akamvua kitambaa cha usoni kwa kushoto, akampandisha msichana kwenye farasi kwa kushoto. Nilitazama mwisho wa hadithi ile peke yangu, na niliufurahia kuliko kipande kingine chochote. Nilijua ni nguo tu. Ningekaa nyuma ya nguo hiyo hadi leo kama wangeniacha.

Nikasikia viatu. Alikuwa Baba. Nilidhani amekuja kuketi nami, nikamsogezea nafasi kwenye gunia. Alisimama akiitazama shuka, akamwona steringi akipunga mkono wake wa kushoto na farasi akienda zake.

"Unaona, Baba?" nikamwambia. "Huku bado."

"Inuka," akasema. "Tumechekwa ya kutosha."

Akanishika mkono ule ule, juu ya kiwiko, akanipitisha mbele ya watu wote hadi nje, ambako jua lilikuwa bado kali na ikabidi tusimame kidogo ili macho yazoee.

Jioni Mama alipakua ugali na mboga. Nilinyoosha mkono wangu.

"Kile kitambaa kiko wapi?" Baba akauliza.

Mama hakuinuka. "Nilikitumia. Mwache mtoto, Baba watoto. Mimi nimeshazoea."

Nilimgeukia Mama nisiamini. Yeye, aliyekuwa akila amenipa mgongo!

"Umezoea nini? Hukusikia vile watu wamecheka?"

"Nilisikia. Wamekucheka wewe. Huyu amekosa nini? Na mtihani uko hapa karibu."

Baba akainuka. Alivuta kamba ya katani iliyofunga gunia la posho, akapiga goti nyuma yangu, akaanza kunifunga mwenyewe. Hakujua kufunga kama Mama. Mama alikuwa akiacha nafasi ya kidole kati ya kitambaa na ngozi. Baba alizungusha kamba kwenye kifundo cha mkono na kiunoni, akaikaza hadi katani ikaniingia, na pumzi yake ilinuka dizeli.

"Baba," nikasema, "mkono ni wangu. Si wa yule wa picha."

Akavuta fundo la mwisho.

"Kula," akasema.

Nikala. Mtihani niliufanya kwa kulia, na msimamizi aliyetoka Nakuru aliishika karatasi yangu kwa ncha za vidole. Nilishindwa. Kitanda cha Bondeni alikilalia mwingine, na mimi nikarudi kwenye pareto, ambako nilifunguliwa.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile, nikiwa bado natafuna, niliinua macho nikamtazama baba yangu, mtu niliyempenda kuliko wote. Alikuwa amenipa mkono wangu kwa sababu mzungu wa kwenye shuka alikuwa nao, na akaninyang'anya kwa sababu mzungu wa kwenye kiti alicheka. Nikamwonea kinyaa. Miaka mingi baadaye nilimuuguza hadi mwisho wake, nikamlisha kwa mikono yangu, nikamzika kwa machozi ya kweli, na kinyaa kile hakikutoka.